Ramani Isiyomuuza Mwenyewe: Kwa Wanaoanza Kazi ya Jiografia Lamu

Ukishuka gatini Amu na kifaa cha GPS mkononi, hakuna atakayekuuliza kifaa kinafanyaje kazi. Utaulizwa: "Umetumwa na nani?" Usikasirike. Watu wa visiwa hivi wamepimwa mara nyingi, na nyuma ya mpimaji kwa kawaida alikuja mtawala. Clemens Denhardt aliupanda mto Tana mwaka 1878 kama mtafiti wa nchi. Ilipofika 1885 yeye na nduguye Gustav walikuwa wameshapewa ardhi na Sultani wa Witu, na Ujerumani ikatangaza himaya yake pale. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walikubaliana wao kwa wao kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar upande wa bara ni ukanda wa maili 10 kutoka baharini, mpaka Kipini, kama vile mashamba na malisho hukatika kwa rula. Ikaja sheria ya hatimiliki ya 1908: asiyewasilisha dai lake, ardhi yake ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Mwaka 1925 Jubaland (kusini mwa Somalia ya leo) ikakabidhiwa Italia, iliyokuwa tayari chini ya Mussolini, na Wabajuni wakajikuta wamekatwa na mpaka. Mwaka 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi. Ufashisti ulishakuwa jirani wa Kiunga, kwa hiyo usiufundishe kana kwamba ni kisa cha Ulaya tu.

Jibu la swali lile liandikwe kabla hujapanda boti Mokowe, gati ya upande wa bara. Karatasi moja, Kiswahili chepesi, mambo manne: nani analipa, data itakaa wapi na nani mwingine ataiona, mtu anaweza kuyaondoa maneno yake hadi tarehe gani, na kijiji kitabaki na nini. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni lazima kisheria, lakini hakikupi ridhaa ya mtu hata mmoja. Hapa ndipo wengi hujikwaa: huanzia kwa chifu, huandamana naye kijijini, kisha hufurahi kwamba kila mtu amekubali kila kitu. "Ndiyo" iliyotolewa mbele ya chifu haina uzito. Piga hodi kwake, mwonyeshe barua, mshukuru, kisha urudi kijijini siku nyingine peke yako.

Pembesita ulizochora shuleni

Karibu kila aliyesoma jiografia ya makazi nchini amechora pembesita za Mjerumani Walter Christaller: mji mkubwa katikati, midogo pembeni, kila mmoja na eneo linaloutegemea. Aliitoa nadharia hiyo mwaka 1933 kutokana na miji ya kusini mwa Ujerumani. Ambacho hufundishwa kwa nadra ni kilichofuata. Christaller, aliyewahi kuwa msoshalisti, alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1940 akafanya kazi katika ofisi ya mipango ya Konrad Meyer, chini ya Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga miji na vijiji vya walowezi wa Kijerumani katika Poland iliyotekwa. Ili pembesita zikae sawa, wenyeji walipaswa kuondolewa. Kihesabu hapakuwa na kosa.

Huyo ndiye wa kumwogopa zaidi, kwa sababu anafanana na sisi. Mwanajiografia Friedrich Ratzel, aliyeandika mwaka 1901 juu ya "nafasi ya kuishi" ya taifa, na Karl Haushofer, aliyemfundisha Rudolf Hess, naibu wa Hitler, wana maneno makali yanayojitangaza yenyewe. Fundi mzuri wa ramani anayefanya alichoagizwa hana kelele yoyote, na ndiye wanafunzi wetu wengi wanaelekea kuwa, maana ajira nyingi za jiografia pwani hii ziko kwenye tathmini za miradi mikubwa.

Kwa hiyo jifunze kusoma hati ya kazi kabla ya kusaini. Yatazame maneno haya: "ardhi tupu", "ardhi isiyotumika", "wavamizi", "eneo la mradi". Likitokea moja, uliza limethibitishwa na nini. Halafu tafuta vifungu viwili: kinachosema data yote ni mali ya mteja, na kinachokukataza kutoa matokeo bila idhini yake. Cha kwanza unaweza kukijadili, ukaomba kijiji kibaki na nakala. Cha pili, kikikosa kikomo cha muda, kikatae au uiache kazi. Tunajua njaa ni njaa. Lakini ukishasaini, hutaweza kusema lolote siku ramani yako itakapotumika kuwahamisha watu.

Utupu hutengenezwaje

Uongo wa ardhi tupu mara chache huchorwa kwa makusudi. Huja kwa njia za kawaida kabisa, na mwanafunzi anaweza kuufanya bila kujua.

Chukua kilimo cha upande wa bara, kuanzia Hindi kuelekea Kiunga. Wabajuni na Waaweer, watu wa msitu wa Boni, wamelima kwa kuhama: shamba hufyekwa, hulimwa misimu michache, kisha huachwa lipumzike. Wengi wa Wabajuni walikimbilia visiwani wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960, mashamba yakabaki. Ukipakua picha moja ya setilaiti ya mwezi wa Februari, ukaiachia kompyuta igawanye rangi katika matabaka matano, shamba lililopumzishwa litasomeka "kichaka". Ukikipeleka kichaka hicho kwa mteja, ataandika "ardhi isiyotumika". Hakuna aliyedanganya, na watu wameshafutwa.

Dawa yake ni muda. Usitumie picha moja. Setilaiti za Landsat zina picha ambazo kila pikseli (kipande kidogo kabisa cha picha) ni mita 30 tangu 1982, na Sentinel-2 ina za mita 10 tangu 2015, zote bila malipo. Chukua angalau miaka 15, kila mwaka picha mbili, moja baada ya masika na moja wakati wa kaskazi (upepo wa mwanzo wa mwaka), na utafute pikseli zinazobadilika kutoka wazi kuwa kijani na kurudi wazi. Mzunguko huo ni alama ya jembe. Mawingu yatakuharibia nusu ya picha za Mei na Juni. Usizibe pengo kwa kubahatisha, andika kwamba mwaka huo hauna picha. Kisha nenda kwa miguu. Miembe, minazi na mikorosho iliyozeeka, visima vya mawe na makaburi havionekani vizuri kutoka angani, na ndivyo mahakama huvielewa upesi. Mwembe haujipandi kwa mstari.

Kosa la pili liko baharini, na ni la kuchekesha lisipogharimu. Pwani hii, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, bahari hupwa kabisa takriban saa nne hadi saa tano asubuhi. Setilaiti tulizozitaja hupita karibu saa hizohizo. Kwa hiyo picha ya bamvua huonyesha matope na miamba mitupu, na picha ya maji mafu, siku maji yanapobadilika kidogo, huonyesha bahari imefika kwenye mikoko. Mtu akilinganisha picha mbili za miaka tofauti bila kutazama jedwali la maji, ataandika kwamba ufuo umepanuka au umeliwa mamia ya mita. Andika tarehe, saa na hali ya maji chini ya kila picha. Kama huna jedwali, hesabu siku za mwezi: bamvua huandamana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

La tatu ni la mfumo wa marejeo, yaani msingi ambao nambari za mahali huhesabiwa kutoka kwake. Ramani za Idara ya Upimaji za skeli ya 1:50,000 zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960. Simu yako na GPS hutumia WGS84. Ukiziweka pamoja bila kubadilisha, kila kitu kitasogea karibu mita 300, hasa kaskazini-kusini. Katika kisiwa chembamba, mita 300 humtoa mtu shambani na kumtupa mkondoni. Wakili wa upande wa pili akiliona hilo, hatasumbuka na mengine. Atasema ramani yenu imeweka makaburi baharini. Katika UTM, gridi ya dunia inayopima mahali kwa mita, Lamu iko ukanda wa 37 Kusini. Kabla ya kazi yoyote, chagua vitu vitatu vinavyoonekana kwenye karatasi na ardhini, kama pembe ya ngome, ukingo wa gati ya zamani na makutano ya barabara, usimame hapo, ulinganishe. Na ukitumiwa faili la mipaka lisilo na maelezo ya mfumo wake, usilikisie. Lirudishe lilikotoka.

Kuchora pamoja na wenye bahari

Kesi ya bandari ya Lamu ndiyo shule bora. Ujenzi ulizinduliwa Machi 2012, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo na haki za wavuvi wa kiasili hazikuzingatiwa; wavuvi wapatao 4,600 wakaamriwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa Kwasasi, sababu kubwa ikiwa hiyohiyo ya ushirikishaji. Aliyezoea kudhani kwamba upinzani ni mabango na kelele azisome hukumu hizo polepole. Aone ni mara ngapi hoja inarudi kwenye mambo ya kijiografia: nani anavua wapi, msimu gani, kwa chombo gani, na mkondo ukifungwa anaelekea wapi.

Bahari haichoreki kama shamba. Mvuvi wa dau la tanga hawezi kutoka nje ya mwamba wakati wa kusi, upepo mkali wa katikati ya mwaka, hivyo maji ya ndani, kama mkondo wa Mkanda, ndiyo riziki yake ya miezi kadhaa. Ukichora eneo lake kwa wino mmoja wa mwaka mzima, utaonyesha kwamba ana bahari kubwa na kwamba kumpunguzia kidogo hakumdhuru. Chora ramani mbili, ya kusi na ya kaskazi. Tofauti kati yao ndiyo hoja yako.

Utaratibu unaofaa ni huu. Chapisha ramani kubwa ya ukubwa wa A1, skeli ya 1:10,000 kwa mkondo mmoja au 1:50,000 kwa kundi la visiwa. Ichapishe ikiwa na ufuo, mikoko na vijiji tu, bila majina, ili majina yaandikwe na wenyewe. Kaa na watu wanane hadi kumi. Wakizidi, wawili watasema na wengine watatazama. Wanawake wakae kikao chao, maana wanaotafuta pweza mwambani huijua miamba ambayo manahodha huipita tu. Usilete kalamu za rangi kumi, nne zinatosha. Waache manahodha waeleze kina kwa pima na mahali kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mnara na mvule mathalan, na uandike maelezo hayo kama yalivyo kabla ya kuyageuza kuwa nambari. Kesho yake panda chombo na wawili kati yao, mkapime angalau pointi 20. Zitakazopishana na karatasi kwa zaidi ya mita 200 zirudishwe kikaoni; mara nyingi utakuta karatasi ndiyo ilikosea.

Majina yapewe siku yake. Mwaka 1916 Shirika la Kifalme la Jiografia la Italia lilichapisha orodha ya mzalendo wa Kiitaliano Ettore Tolomei ya maelfu ya majina ya Kiitaliano kwa ajili ya milima na vijiji vya Wajerumani wa Tyrol ya Kusini. Mafashisti walipoingia madarakani, mwaka 1923 wakaifanya sheria. Silaha ilitengenezwa na wanajiografia miaka saba kabla ya kutumika. Kwa hiyo andika jina kwa lahaja ya mahali, na pembeni andika namna lilivyo kwenye ramani ya serikali. Majina mawili yakigombana, weka yote mawili na useme nani hutumia lipi. Usisanifishe jina la Kibajuni kwa sababu tu masikio yako ya Nairobi hayakulizoea.

Nukta ni hatari kuliko pengo

Yote tuliyosema mpaka hapa yanahusu kumwonyesha aliyefutwa. Sehemu hii inahusu kumficha asionekane, na ndiyo mafunzo ya vyuo huiruka.

Mwaka 1941, Amsterdam ikiwa chini ya Wanazi, ofisi ya takwimu ya manispaa ilichora ramani ya mji kwa amri ya Wajerumani. Kila nukta nyeusi ilikuwa Wayahudi 10. Ni ramani safi, sahihi, iliyochorwa na watumishi wa umma waliokuwa na daftari zuri la wakazi. Karibu robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi waliuawa. Hakuna mkorofi aliyehitaji kuwatafuta kwa tochi.

Kwa hiyo kabla ya kukusanya, jiulize ramani hii itasomwaje na mtu anayewachukia waliomo. Lamu ina watu wa kabila na dini mbalimbali, ina skimu za makazi na ugomvi wa ardhi, ilipata mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, na ina operesheni za usalama katika msitu wa Boni. Ramani inayotia kabila la kila nyumba ni baruti, hata kama imefanywa kwa nia ya kugawa misaada. Usiichore. Kama swali lako linahitaji mgawanyo, toa hesabu kwa kata nzima.

Vitu vingine vya kutochapisha mahali pake kamili: mahali pa mizimu na makaburi yasiyojulikana na wageni, miti ya asali ya Waaweer, mahali samaki wanapotagia, visima vya msituni, na nyumba za walioshuhudia jambo. Kambi za askari usizipime kabisa. Droni haipaishwi bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hata ukiwa na kibali, kuirusha karibu na msitu wa Boni ni kujitafutia balaa wewe na aliyekukaribisha.

Kuficha nako kuna hesabu yake. Latitudo yenye tarakimu tano baada ya nukta ni usahihi wa karibu mita moja. Tarakimu tatu ni mita 110. Mbili ni kilomita 1.1. Kwa ramani ya umma, tarakimu mbili zinatosha sehemu nyingi. Lakini kijiji kikiwa peke yake katika eneo hilo, kupunguza tarakimu hakumfichi mtu. Hapo toa eneo zima badala ya nukta. Picha za simu hubeba mahali zilipopigwa ndani ya faili lenyewe, hivyo zima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla ya kutoka nyumbani. Majina ya watu yakae kwenye daftari moja na namba za siri, pointi zikae kwingine na namba hizo tu, na mwenye daftari asisafiri na simu yenye pointi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai ridhaa na sababu ya kukusanya. Ichukulie kama kiwango cha chini.

Karatasi za kisheria

Hapa tutakwenda haraka. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Andika barua fupi inayotaja hati moja kwa jina lake. Barua inayoomba "taarifa zote kuhusu mradi" hujibiwa kwa ukimya. Omba faili za ramani zenyewe, maana picha ya ramani ndani ya ripoti haipimiki. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kupinga leseni ya mazingira mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira kuna kikomo cha siku 60, na vijiji vingi hupoteza haki kwa kungoja kikao cha mwezi ujao. Ushahidi wa kielektroniki mahakamani hudai cheti kutoka kwa aliyeutengeneza, kwa hiyo tangu siku ya kwanza weka daftari la kifaa, tarehe, saa, aliyekishika, na kila badiliko lililofanywa kwenye faili.

Upande wa chuoni

Mwanajiografia Mfaransa Yves Lacoste alikwenda Vietnam ya Kaskazini mwaka 1972, Marekani ikisema mabomu yanaangukia kingo za Mto Mwekundu kwa bahati mbaya. Alipanga sehemu zilizopigwa juu ya ramani ya umbo la nchi, ikaonekana kwamba nyingi ziko upande wa mashariki wa delta, pale vijiji viko chini ya usawa wa mto na mafuriko yangeua wengi zaidi. Hakutumia siri yoyote. Alitumia somo la mwaka wa kwanza, akachapisha katika gazeti lisomwalo na watu. Tasnifu ikikaa kabatini haimsaidii mtu: andika kurasa nne za Kiswahili kwa kila kurasa mia za Kiingereza.

Kazi hii ina bei. Mwanajiografia Milton Santos wa Brazili alifungwa baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1964, akaishi uhamishoni, na katikati ya miaka ya 1970 alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwetu Kenya, mhadhiri wa jiografia Kamoji Wachiira aliwekwa kizuizini mwaka 1982 bila kesi. Kwa hiyo usimtume mwanafunzi wa shahada ya kwanza asaini peke yake ripoti inayomgusa mwenye nguvu. Mwalimu wake asaini kwanza, na idara nyingine mbili zisaini pia. Nakala tatu za data: moja kijijini, moja chuoni, moja nje ya kaunti. Mwenzako kutoka nchi iliyobanwa akiomba nafasi ya miezi sita, mpe dawati na barua, tena upesi.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka, irudishe ramani barazani ikiwa imechapishwa, uisome kwa sauti jina baada ya jina, kisha uulize kitu ambacho watafiti wengi husahau: "Kipi kifutwe?" Bibi mmoja akisema kisima kile kisionekane, usibishane naye kuhusu umuhimu wake kwa utafiti. Kifute kwenye karatasi pale pale mbele yake, na usiku huohuo ukifute kwenye faili zote tatu, pamoja na ile iliyobaki ndani ya kifaa cha GPS.